Tetemeko Moja, Tarakimu Mbili: Historia ya Unasaji wa Data kwa Njia Nyingi na Istilahi Zake

Utangulizi

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitetemeka. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ama zilianguka ama zilipasuka kuta. Hamugembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mji zilizopatwa na maafa hayo. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Mtikisiko wenyewe ulisikika hadi Uganda, Rwanda na Kenya.

Katika taarifa zilizotangazwa baada ya hapo zilitajwa tarakimu mbili. Kwanza ilisemwa kuwa tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.7, baadaye ikasemwa kuwa ni 5.9. Tarakimu zote mbili zilifuatwa, katika Kiswahili chetu cha habari, na maneno yaleyale: “katika kipimo cha Richter”. Mkazi wa Hamugembe aliyezisikia zote mbili alikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyekosea. Jibu ni kwamba si lazima awepo aliyekosea. Tarakimu mbili kwa tetemeko moja hutoka katika vipimo vya namna mbili, vilivyochukuliwa kwa njia tofauti na kwa vima tofauti vya wakati. Kiswahili kilichozipokea ndicho kilichozivika vazi moja.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya vyombo vinavyopima kwa njia nyingi kwa pamoja, kila njia na mwendo wake wa kuandika, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kumsaidia mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuchagua maneno yasiyopotosha. Hoja yetu ni moja: istilahi ya kazi hii itafutwe katika kazi ifanywayo na chombo, wala isitafutwe katika sura ya neno la kigeni peke yake.

Karatasi mbili, mwendo mbalimbali

Ardhi haitikisiki kwa namna moja. Kuna mitikisiko ya haraka, ya mara kadhaa katika sekunde moja, nayo ndiyo inayoangusha vyungu na kupasua kuta za nyumba ndogo. Kuna pia mawimbi marefu ya polepole, ambayo wimbi moja huchukua sekunde 20 au zaidi kupita, na mwanadamu hayahisi hata kidogo yakiwa yametoka mbali. Aidha, ardhi husogea kuelekea pande tatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Anayetaka kulijua tetemeko barabara hana budi kupima pande zote tatu, na kupima ya haraka na ya polepole pia.

Watu wa kazi hii walilitambua jambo hilo mapema, lakini mfano wake ulio wazi kabisa ni mtandao wa vituo vya dunia nzima uliojengwa na Marekani katika miaka ya 1960. Shabaha yake ya kwanza haikuwa kuwasaidia wakazi wa nchi zenye matetemeko. Ilikuwa kutambua majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa chini ya ardhi. Hata hivyo faida yake kwa sayansi ilikuwa kubwa. Vituo vipatavyo 120 viliwekwa katika nchi nyingi, na Nairobi ilikuwa mojawapo ya mahali hapo.

Kila kituo kilikuwa na vipimatetemeko sita: vitatu vya mitikisiko ya haraka na vitatu vya mawimbi marefu. Kila kimoja kilipeleka mwale wa nuru juu ya karatasi ya picha iliyozungushwa kwenye silinda. Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Karatasi ya mitikisiko ya haraka ilisogea milimita 60 kwa dakika. Karatasi ya mawimbi marefu ilisogea milimita 30 tu, au hata 15. Kama mitikisiko ya haraka ingeandikwa kwenye karatasi iendayo polepole, mistari ingelaliana na kuwa doa jeusi lisilosomeka. Na kama mawimbi marefu yangeandikwa kwenye karatasi iendayo mbio, karatasi nyingi ingepotea bure, na wimbi lenyewe lingetandazwa hata msomaji asilione kuwa ni wimbi.

Basi tangu wakati wa karatasi kanuni tatu zilikwisha kuwekwa: njia ziwe nyingi, mwendo wa kuandika ulingane na mwendo wa kitu kinachopimwa, na saa iwe moja kwa njia zote. Saa ya kituo ilitia alama ya kila dakika kwenye karatasi zote sita. Bila alama hizo, karatasi sita zingekuwa mashahidi sita wasioafikiana.

Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko kubwa lilipiga Toro, magharibi ya Uganda, na kuua watu zaidi ya 100. Wakati huo vituo vya mtandao huu vilikuwa kazini, na tetemeko la namna hiyo, lililotokea katika nchi yenye vituo vichache, liliweza kuchunguzwa kwa karatasi zilizokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Wala lugha ya siku zile haikuleta taabu kubwa, kwa kuwa fundi aliona kwa macho yake silinda, karatasi, na mstari unaochorwa.

Kutoka mstari hadi michoto

Taabu ya istilahi ilianza mstari ulipotoweka. Chombo cha tarakimu hakichori mstari usiokatika. Huuliza swali moja, tena na tena, kwa nafasi zilizo sawa: “Sasa ardhi iko wapi?” Kila jibu huandikwa kuwa tarakimu moja. Katikati ya jibu moja na la pili chombo hakijui lolote.

Mfano wa nyumbani utatufaa. Mtu amesimama kwenye kijito na kata mkononi. Kila baada ya muda fulani huchota maji na kutazama rangi yake. Kijito hakisimami kumngoja. Akichota mara moja kwa siku atayajua mabadiliko ya masika na kiangazi, lakini hatajua kuwa tope hupita kwa dakika chache kila mvua inaponyesha. Akichota kila dakika ataliona tope, lakini atahitaji mitungi mingi.

Katika Ziwa Viktoria kazi ya polepole ya namna hii ina umri mkubwa. Kina cha maji kimekuwa kikisomwa upande wa Uganda tangu mwaka 1896. Usomaji wa mara moja kwa siku ulitosha kabisa kuonyesha jinsi ziwa lilivyopanda zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964. Kipimo hichohicho kisingefaa kitu kwa tetemeko la Bukoba.

Je, inatosha kuchota mara ngapi? Harry Nyquist aliweka msingi wa jibu mwaka 1928, na Claude Shannon akalithibitisha mwaka 1949: vipimo vya sekunde moja havina budi kuzidi mara mbili ya marudio ya wimbi la haraka kuliko yote yaliyomo. Wimbi lirudialo mara 10 kwa sekunde lahitaji vipimo zaidi ya 20 kwa sekunde. Vikipungua, halitapotea tu, bali litajitokeza katika data likiwa na sura ya wimbi jingine la polepole ambalo halikuwepo kamwe. Yeyote aliyepata kutazama katika sinema gurudumu la gari likionekana kuzunguka kinyumenyume, wakati gari linakwenda mbele, amekwisha kuuona udanganyifu huo. Kwa sababu hiyo kila njia hutiwa kichujio kinachozuia yale yaliyo ya haraka mno kwa kima chake, kabla ya kupimwa.

Kwa nini basi njia zote zisipimwe kwa kima kikubwa, ili kukomesha mashaka? Hesabu yenyewe yajibu. Siku moja ina sekunde 86,400. Njia ichukuayo vipimo 100 kwa sekunde huzaa tarakimu 8,640,000 kwa siku. Njia tatu huzaa 25,920,000. Njia ya vipimo 20 kwa sekunde huzaa 1,728,000, na njia ya kipimo kimoja kwa sekunde huzaa 86,400 tu. Atafutaye wimbi la dakika moja katika tarakimu milioni nane ni kama atafutaye jiwe moja katika gunia zima la mchele. Kwa hiyo vituo vya tarakimu viliendeleza desturi ya silinda: hunasa ardhi ileile kwa njia kadhaa na kwa vima kadhaa, kwa mfano 100, 40 au 20 kwa sekunde, kisha kimoja kwa sekunde, na hata kimoja kwa kila sekunde 10.

Mwaka 1987 shirikisho la kimataifa la mitandao ya vipimatetemeko lilikubali utaratibu mmoja wa kuhifadhi na kubadilishana data hizi. Katika utaratibu huo kila njia ina jina la herufi tatu. Herufi ya kwanza yaonyesha kima, ya pili yaonyesha aina ya chombo, na ya tatu yaonyesha upande. Hivyo BHZ na LHZ ni ardhi moja, chombo kimoja, upande uleule wa juu na chini. Zinahitilafiana kwa kima tu. Mfasiri akikutana na majina haya asiyafasiri, bali ayaeleze.

Saa moja kwa njia zote

Kituo kilicho karibu na Bukoba katika mitandao ya dunia kipo Mbarara, Uganda. Kitovu cha tetemeko la 2016 kilikuwa karibu na Nsunga, kaskazini-magharibi ya mji wa Bukoba, yaani kilomita 100 hivi kutoka Mbarara. Kiini chenyewe kilikadiriwa kuwa kilomita 40 chini ya ardhi.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Kutoka kiini hadi kituoni ni kilomita 110 hivi. Wimbi la kwanza, likienda kilomita 7 kwa sekunde, hufika baada ya sekunde 16 hivi, na huonekana vizuri katika njia ya juu na chini. Wimbi la pili, likienda kilomita 4 kwa sekunde, hufika baada ya sekunde 27 au 28, na huonekana vizuri zaidi katika njia za mlalo. Tofauti ya sekunde 12 hivi ndiyo inayomwambia mtaalamu umbali wa tetemeko. Sasa, saa ya njia moja ikichelewa sekunde moja tu nyuma ya saa ya njia ya pili, umbali utakosewa kwa kilomita 9 hivi. Kwa kosa la namna hiyo kitovu chaweza kuhamishwa kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Ndiyo maana twasisitiza kwamba kuandika “njia nyingi” bila kutaja “saa moja” ni kueleza nusu ya jambo.

Tarakimu mbili zilitoka wapi

Charles Richter alitoa kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya matetemeko ya California, yaliyosomwa kwa chombo cha aina moja, kwa umbali usiokuwa mkubwa. Mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walitoa kipimo kingine, kinachotokana na ukubwa wa ufa uliosogea na kadiri ulivyosogea. Hiki cha pili ndicho kitumiwacho na mashirika makubwa kwa matetemeko kama la Kagera.

Kwa kawaida tarakimu ya mapema hutolewa haraka, kwa vipimo vichache na kwa mawimbi ya haraka yanayotangulia. Tarakimu ya baadaye hungoja mawimbi marefu yafike katika vituo vingi, kwa sababu hayo ndiyo yanayosema kwa uhakika zaidi ni nguvu kiasi gani iliyotoka kiini kizima. Kwa maneno mengine, tarakimu hizo hutegemea njia mbalimbali za chombo. Mfasiri aandikaye “kipimo cha Richter” kwa zote mbili humfanya mwananchi aone kama bei iliyobadilishwa dukani bila maelezo.

Wala tofauti si ndogo kama ionekanavyo. Katika kipimo hiki kupanda kwa nambari moja kamili ni kuongezeka kwa nishati mara 32 hivi. Kutoka 5.7 hadi 5.9, ambako macho yaona mbili ya kumi tu, nishati huwa maradufu.

Liko pia kosa la pili, ambalo limeenea zaidi: kuchanganya ukubwa na ukali. Ukubwa ni wa tetemeko lenyewe, nao ni mmoja, uwe Hamugembe, Muleba au Kampala. Ukali ni wa mahali. Hutegemea umbali, udongo na majengo, na hupimwa kwa ngazi 12 zinazoandikwa kwa nambari za Kirumi. Mtu asemapo “kwetu lilikuwa kubwa zaidi” anasema kweli yake, lakini neno alitakalo ni “kali”. Afisa anayeandika taarifa ya msaada hana budi kulishika jambo hili, kwa kuwa nyumba haianguki kwa sababu ya ukubwa uliotangazwa, bali kwa sababu ya ukali uliofika kwenye msingi wake.

Mhandisi na nyumba iliyopasuka

Kanuni hizi si mali ya wataalamu wa matetemeko peke yao. Mhandisi anayelijaribu jengo au daraja hufanya vivyo hivyo. Nyumba ya ghorofa moja hutikisika kwa marudio ya mara 10 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kipimamchapuko kilichowekwa juu ya ukuta wake huhitaji vipimo 100 au 200 kwa sekunde. Ufa uliomo katika ukuta huohuo hupanuka kwa siku na majuma. Kipimo cha mara moja kwa saa, au hata kwa siku, chatosha. Joto la ukuta, ambalo hupanua na kubana ufa hata kama ardhi imetulia, hupimwa kwa kima cha katikati.

Ni lazima hayo matatu yanaswe kwa saa moja, la sivyo mhandisi hataweza kusema kama ufa uliongezeka kwa mtikisiko au kwa jua la mchana. Na jawabu lake ndilo litakaloamua kama familia itarudi ndani au italala nje. Taarifa yake ikifasiriwa vibaya, maamuzi nayo huwa mabaya, ijapokuwa vipimo vilikuwa sahihi.

Maneno yapi yatufae

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lianzishwe mwaka 1967, na tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa mwaka 1974, desturi ya kutafuta istilahi imekuwa kuanzia ndani ya Kiswahili, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliongeza hazina kubwa. Kwa kazi tunayoijadili, tunapima maneno manne.

Neno “mkondo” hutumiwa na baadhi ya wafasiri kwa njia ya chombo. Ubaya wake ni kwamba katika fizikia mkondo ni wa umeme, na vyombo hivi vyote hutumia umeme. Sentensi isemayo “mkondo wa tatu una mkondo mdogo” itamshinda mwanafunzi. “Chaneli” nayo imekwisha kuchukuliwa na televisheni. Neno “njia” ni jepesi, linaeleweka, na halina mshindani katika kazi hii.

Neno “sampuli” tumelizoea. Mkulima wa Kagera alijua maana yake kahawa yake ilipopimwa: konzi moja iliyotolewa katika gunia ili kulisemea gunia zima. Tena katika mazungumzo sampuli ni aina au namna. Lakini konzi ya kahawa haina saa. Ingetolewa leo au kesho gunia ni lilelile. Kipimo cha chombo ni cha nukta moja ya wakati isiyorudi tena. Kwa hiyo twaona heri “sampuli” ibaki kwa kahawa, udongo, damu na utafiti wa watu, na kwa vyombo tuseme “mchoto” na “uchotaji”.

“Kasi ya uchotaji” haifai, kwa kuwa kasi katika fizikia ni ya kitu kinachosafiri, na taarifa hizi hutaja kasi ya mawimbi kila mara. “Kima” kitatufaa zaidi.

Mwisho, “ukusanyaji wa data” umezoeleka kwa kazi ya hojaji na mahojiano. Kwa chombo kinachoshika kitu kipitacho, Kiswahili kina neno tayari tangu siku za redio: tunanasa sauti. Basi na tunase data.

Mapendekezo yetu, kwa kifupi, ni haya:

Unasaji wa data: kazi ya chombo ya kushika na kuandika vipimo vya kitu kinachobadilika.

Njia: sehemu ya chombo inayonasa kipimo cha aina moja au upande mmoja.

Mchoto: kipimo kimoja kilichochukuliwa katika nukta moja ya wakati.

Kima cha uchotaji: idadi ya michoto katika sekunde, saa au siku.

Wimbi bandia: wimbi lisilokuwepo, lionekanalo katika data kwa sababu kima cha uchotaji ni kidogo mno.

Saa ya pamoja: saa moja inayoongoza njia zote.

Ukubwa: kadiri ya tetemeko lenyewe, aina ya kipimo itajwe.

Ukali: kadiri ya mtikisiko na madhara ya mahali fulani.

Hitimisho

Yamkini baadhi ya maneno haya hayatakubalika, na hilo si ajabu. Istilahi hupimwa na watumiaji. Mwalimu na ayajaribu darasani, na mfasiri ayatie katika sentensi ndefu aone kama yatasimama. Lakini tofauti zinazobebwa na maneno hayo hatuna ruhusa ya kuzifuta. Taarifa itakayofuata tetemeko jingine Kagera na iseme ni ukubwa wa kipimo gani, umetokana na mawimbi yapi, na ukali ulikuwa kiasi gani kata kwa kata. Hapo mkazi wa Hamugembe akisikia tarakimu mbili atajua kwamba kila moja inajibu swali lake.